"Ticha, c imegoma": matatizo ya Teoremu ya Thamani ya Wastani na tiba zake

Basi la mikoani limepita kituo cha kwanza cha ukaguzi saa 2:00 asubuhi. Saa 3:00 kamili limepita kituo cha pili, kilomita 90 mbele, Barabara ya Morogoro. Dereva anaapa: "Afande, tochi zote nimezipita na 75." Inawezekana kabisa anasema kweli. Madereva huwashiana taa, na kila aliyewahi kupanda basi pale Mbezi anajua gari linavyonywea ghafla likikaribia kichaka chenye askari. Lakini hapa tochi ya kupimia kasi haina kazi. Limekwenda kilomita 90 kwa saa moja, kwa hiyo kuna wakati fulani njiani ambapo kasi yake ilikuwa 90 barabara, na basi la abiria mwisho wake ni 80. Ilikuwa wapi hasa, Mlandizi au Ruvu? Hatujui, na kumtoza faini hakuhitaji tujue.

Hiyo ndiyo teoremu nzima. Kwa lugha ya daftari: ikiwa fanksheni f haikatiki popote kwenye kipande [a, b], na ina derivativu kila mahali kati ya a na b, basi ipo namba c, kubwa kuliko a na ndogo kuliko b, ambapo

f′(c) = (f(b) − f(a)) / (b − a).

Upande wa kulia ni mwendo wa wastani, yaani mteremko wa mstari unaounganisha ncha mbili za grafu. Upande wa kushoto ni derivativu pale c, yaani kasi ya papo hapo, mteremko wa tanjenti (mstari unaogusa grafu) hapo. Teoremu inasema kuna mahali viwili hivyo vinalingana.

Nafundisha tuisheni ya hesabu Sinza, na wengi wanaonijia ni wa mwaka wa kwanza chuoni, wamekariri mstari ule vizuri kuliko hata mimi, na bado wana sapu, yaani mtihani wa marudio. Fundi bajaji hafungui injini kabla hajauliza inalia vipi. Nami nimezoea kumwambia mtu anieleze kwanza anachokiona, kwa sababu malalamiko yao ni yaleyale mwaka hadi mwaka, na kila lalamiko lina chanzo chake.

"Nimepata c mbili, nichukue ipi?"

Hili ni jepesi. Chukua f(x) = x³ kwenye [−1, 2]. Wastani ni (8 − (−1)) / 3 = 3. Derivativu ni 3x², kwa hiyo 3c² = 3, na c ni 1 au −1. Sasa angalia: −1 ni ncha ya kipande chenyewe, na teoremu imesema c iko ndani, si kizingitini. Inabaki 1 peke yake.

Ukibadilisha ukachukua x³ − x kwenye [−2, 2], wastani ni 12 / 4 = 3, nawe unapata c² = 4/3, yaani karibu 1.155 na −1.155. Zote mbili ziko ndani, zote ni halali, ziandike zote. Teoremu iliahidi angalau moja. Haikuahidi kwamba itakuwa moja tu.

"Nimekesha naye, c haipo kabisa"

Hapa usikimbilie kurudia hesabu. Rudi kwenye masharti. Mara nyingi sana mwanafunzi anaruka sentensi ya "ikiwa" na kuingia moja kwa moja kwenye fomula, kama mtu anayepanda gari bila kuuliza linakwenda wapi.

Mfano wa kawaida ni |x| kwenye [−1, 2]. Wastani ni (2 − 1) / 3, yaani theluthi moja. Lakini mteremko wa |x| ni −1 upande wa kushoto wa sifuri na 1 upande wa kulia. Hakuna theluthi popote. Chanzo ni kona pale sifuri: grafu inageuka ghafla kutoka mteremko mmoja hadi mwingine bila kupita katikati, hivyo derivativu haipo hapo, na ahadi yote imevunjika.

Aina ya pili ya ugonjwa ni pengo. Fikiria nauli ya daladala ukiichora dhidi ya umbali. Haipandi kidogo kidogo kila mita; inakaa palepale, halafu unapovuka kituo fulani inaruka, kisha inakaa tena. Kila mahali penye derivativu, derivativu ni sifuri. Hata hivyo ukishuka mwisho wa njia umelipa zaidi ya aliyeshuka mwanzo. Wastani si sifuri, mteremko ni sifuri, c haipatikani ng'o. Mruko umefanya kazi yote na hakuna derivativu iliyouona.

Pengo linaweza kujificha kwenye ncha, na hili huwapiga hata walio makini. Tuseme f(x) = x kuanzia 0 hadi kabla ya 1, halafu f(1) = 0. Ndani mwa kipande hakuna kasoro yoyote: mteremko ni 1 kila mahali. Lakini f(1) − f(0) = 0, wastani ni sifuri. Ndiyo maana sharti la kutokatika linajumuisha ncha zote mbili, wakati sharti la derivativu haliziulizi.

Utofauti huo wa masharti mawili unazaa kosa la upande wa pili. Naletewa √x kwenye [0, 4], na mtu ameandika kwa wino mwekundu: "Teoremu haitumiki, derivativu haipo pale 0." Inatumika! Pale 0 tanjenti imesimama wima, kweli, lakini 0 ni ncha, na ncha haidaiwi derivativu. Wastani ni 2/4 = 1/2; derivativu ni 1/(2√c); c = 1. Kazi imeisha.

Halafu kuna kisa cha tatu, ambacho ni cha mantiki kuliko cha hesabu. Kipeuo cha tatu cha x, kwenye [−1, 1]. Pale sifuri, ndani kabisa ya kipande, derivativu haipo. Mwanafunzi anahitimisha: kwa hiyo c haipo. Jaribu uone. Wastani ni 1, na ukitatua unapata c karibu 0.192 na −0.192. Zipo mbili! Je, teoremu ni ya uongo? Hapana. Mvua kubwa ikipiga mjini, Jangwani hujaa maji. Lakini mjini kukiwa kukavu huwezi kuapa kwamba Jangwani hakuna maji, maana Mto Msimbazi unateremka na mvua za vilima vya Pugu. Masharti yakitimia, c ipo lazima. Yasipotimia, teoremu inanyamaza. Haisemi ipo, haisemi haipo, nawe usiisemee.

"Mbona mwenzangu kagawa kwa mbili tu akapata?"

Kwa sababu mwalimu alitoa mfano wa x², kama walimu wote tunavyofanya. Kwa fanksheni yoyote ya kipeo cha pili, c huangukia katikati kabisa ya a na b. Fanya hesabu mwenyewe: (b² − a²) / (b − a) = a + b, na 2c = a + b. Ni bahati ya x² na ndugu zake. Kwa 1/x kwenye [1, 4], c ni 2, wakati katikati ni 2.5, huko c siku zote ni kipeuo cha pili cha a × b, ilimradi namba zote mbili ni chanya. Neno "wastani" lililomo kwenye jina la teoremu ni wastani wa mwendo, halina uhusiano na katikati ya kipande.

"Nimepata c = 50, na kipande kinaishia 1.57"

Kikokotoo chako kiko kwenye digrii. Kalkulasi ya sin na cos inaishi kwenye radiani. Kwa sin x kutoka 0 hadi π/2, cos c = 2/π, karibu 0.6366, na c ni 0.88, siyo 50.46. Bonyeza kitufe, endelea na maisha.

"Kwenye uthibitisho kuna fanksheni imetokea hewani"

Lalamiko hili nalipenda, maana anayelitoa amesoma kweli. Madesa mengi yanaandika: "Chukua h(x) = f(x) − f(a) − m(x − a)", ambapo m ni ule wastani, halafu yanaendelea kana kwamba h imeshuka na malaika. Msomaji anameza, anatapika siku ya mtihani, na hajui kilichotokea.

Nenda popote wanapojenga, Goba au Kigamboni, umtazame fundi uashi kabla hajamwaga zege. Anapigilia mambo mbili, yaani vigingi, anavuta kamba ya nailoni kutoka moja hadi nyingine, kisha anapima nafasi kati ya kamba na ardhi. Sasa chukua grafu ya f kama ardhi, na mstari unaounganisha ncha kama kamba. Hiyo h ni nafasi kati ya ardhi na kamba, basi. Ikiwa chanya, ardhi imepanda juu ya kamba. Ikiwa hasi, kuna shimo. Pale kwenye mambo nafasi ni sifuri, maana kamba imefungwa kwenye ardhi yenyewe: h(a) = h(b) = 0.

Tembea kando ya kamba. Nafasi inaanza na sifuri na kurudi sifuri. Kama si sifuri mwanzo mwisho, basi kuna mahali ardhi imeachana na kamba kuliko kwingine kote, ama kwa juu ama kwa chini. Simama hapo. Ukienda hatua moja mbele au nyuma, nafasi haiongezeki. Maana yake ni kwamba hapo ardhi inaelekea sambamba na kamba. Ingekuwa na mwinamo tofauti, hatua moja upande mmoja ingeongeza nafasi. Sambamba na kamba maana yake f′(c) = m. Umemaliza.

Na angalia masharti yalipofanya kazi. Kutokatika, pamoja na ncha, ndiko kunakokuhakikishia kwamba hapo mahali pa nafasi kubwa papo kweli; kwenye mfano ule wa f(1) = 0, nafasi ilikuwa inakua inakua kuelekea 1 halafu ikaanguka kabla ya kufika kileleni. Derivativu ndiyo inayokuruhusu kusema "sambamba". Kwenye kona ya |x| ardhi imeachana na kamba kuliko kwingine kote, lakini kona haina mwelekeo mmoja wa kuulinganisha na kamba.

Hali ya kamba iliyo bapa, pale f(a) = f(b), ina jina lake: Teoremu ya Rolle. Michel Rolle, Mfaransa, alichapisha uthibitisho wake mwaka 1691, kwa polinomia tu. Kinachonichekesha ni kwamba bwana huyu alikuwa mpinzani mkubwa wa kalkulasi enzi zake, na leo jina lake liko kwenye kila kitabu cha kalkulasi. Umbo la jumla tunalolitumia linahusishwa na mwanahisabati Lagrange, na mwenzake Cauchy akalipa nafasi ya msingi kwenye mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1823.

"Swali limesema 'thibitisha kwamba', nimekwama mstari wa kwanza"

Hapa ndipo maksi zinapopotea kwa wingi, na chanzo chake kinaanzia kwenye mazoezi ya awali. Mazoezi yote ya mwanzo husema "tafuta c". Unafanya ishirini. Ubongo unaamini kwamba kazi ya teoremu ni kutafuta c. Halafu mtihani unakuja na sentensi isiyo na c yoyote ndani yake, nawe unabaki umeduwaa. Au unaanza kutatua c kwa nguvu, kurasa tatu za aljebra, msuli tembo matokeo sisimizi.

Ukweli ni kwamba nje ya mazoezi hayo karibu hakuna anayemtafuta c. Rudi kwa dereva wetu. Askari hakuhitaji kujua ni Mlandizi au Ruvu. Alichohitaji ni kwamba kulikuwa na wakati mmoja. Kwenye uthibitisho, c huibani kwa jina lake, unaibana kwa anwani: iko kati ya a na b. Hilo linatosha.

Dalili kwamba swali linataka teoremu hii ni tofauti ya thamani mbili za fanksheni ileile. Tuseme: thibitisha kwamba sin a na sin b hazitofautiani kwa zaidi ya a na b zinavyotofautiana. Tofauti hiyo hapo. Fanksheni ni sin, kipande ni kutoka a hadi b, kwa hiyo

sin b − sin a = cos c × (b − a).

Cos c ni ngapi? Hatujui. Lakini haizidi 1 wala haishuki chini ya −1, hata c iwe nani. Basi ukubwa wa upande wa kushoto hauwezi kuzidi ukubwa wa b − a. Mistari miwili. Aliyejaribu kutafuta c hapa bado anaandika.

Wakati mwingine tofauti imefichwa. Thibitisha kwamba kwa x kubwa kuliko sifuri, ln(1 + x) ni ndogo kuliko x na kubwa kuliko x/(1 + x). Naona kitu kimoja tu, ln(1 + x), hakuna kinachotolewa. Lakini ln 1 ni sifuri, na sifuri hailipiwi kodi, itoe. Sasa una ln(1 + x) − ln 1. Weka f(t) = ln(1 + t) kwenye kipande [0, x], derivativu yake ni 1/(1 + t), na

ln(1 + x) = x / (1 + c), ambapo c iko kati ya 0 na x.

Bana. Kwa kuwa c ni kubwa kuliko 0, asili 1 + c inazidi 1, na sehemu yote ni ndogo kuliko x. Kwa kuwa c ni ndogo kuliko x, asili haijafika 1 + x, na sehemu yote inazidi x/(1 + x). Pande zote mbili zimepatikana kwa pigo moja. Jaribu kwa x = 0.1 uone kama haikudanganyi: ln 1.1 ni karibu 0.0953, imekaa vizuri kati ya 0.0909 na 0.1.

Kuna mtego hapa wa herufi. Wengi wanaandika f(x) kwenye kipande [0, x], x ikiwa ncha na wakati huohuo ikiwa inatembea ndani ya kipande. Halafu wanapotafuta derivativu wanachanganyikiwa ipi imesimama na ipi inatembea. Mpe anayetembea jina lake, t au s au chochote. Msahihishaji naye ni binadamu.

Na usifikiri kubana ni kwa ajili ya uthibitisho tu. Kadiria √101 bila kikokotoo. Fanksheni ni √x, kipande ni [100, 101]:

√101 − 10 = 1 / (2√c).

c inazidi 100, kwa hiyo √c inazidi 10, na upande wa kulia haufiki 1/20, yaani 0.05. Tayari tunajua √101 haifiki 10.05. Tumia jibu hilo hilo kubana upande wa pili: √c ni ndogo kuliko 10.05, kwa hiyo upande wa kulia unazidi 1/20.1, yaani unazidi 0.0497. Umeifunga √101 kati ya 10.0497 na 10.05 ukiwa na peni tu. Thamani yake ni 10.04987 na kuendelea.

Abiria wa SGR anafanya hesabu hiyohiyo bila kujua. Treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza safari za abiria Juni 2024, mwisho wake wa kasi ni kilomita 160 kwa saa. Mtu akikupigia simu kwamba treni imeondoka stesheni ya Dar robo saa iliyopita, wewe unajua haijavuka kilomita 40 kwa njia yoyote ile. Derivativu ikiwa na dari, mabadiliko yana dari.

"Nimetumia Rolle kuonyesha mlinganyo una jibu, nikapewa sifuri"

Umechanganya teoremu mbili, na lugha yetu haikukusaidia, maana moja ni ya Thamani ya Wastani na nyingine ni ya Thamani ya Kati, na mtaani "kati" na "wastani" ni watu wa nyumba moja. Ya Kati ndiyo inayosema fanksheni isiyokatika ikitoka hasi kwenda chanya lazima ipite sifuri. Hiyo ndiyo inayoleta jibu. Rolle kazi yake ni kufukuza majibu ya ziada.

Chukua x³ + x − 1 = 0. Ukiweka 0 unapata −1, ukiweka 1 unapata 1; Thamani ya Kati inasema kuna jibu humo ndani. Sasa, linaweza kuwa na ndugu mahali pengine? Tuseme yako majibu mawili. Fanksheni ni sifuri pale na sifuri kule, kwa hiyo Rolle anadai mahali katikati yao ambapo 3c² + 1 = 0. Kitu hicho hakiwezekani kwa namba tulizo nazo. Basi jibu ni moja tu.

"Derivativu ni chanya kila mahali, lakini fanksheni imeshuka"

Hili linaumiza zaidi wanaojiamini. Fanksheni ni −1/x. Derivativu ni 1/x², chanya popote ilipo. Kitabu kinasema derivativu chanya, fanksheni inapanda. Lakini f(−1) = 1 na f(1) = −1. Kutoka kushoto kwenda kulia imeshuka!

Kitabu hakikukosea, wewe ndiye uliyevuka bila pantoni. Sheria ya "derivativu chanya, fanksheni inapanda" ni mtoto wa teoremu yetu: f(b) − f(a) = f′(c)(b − a), vitu viwili chanya vikizidishwa vinatoa chanya. Ili uiandike hiyo, kipande chote kutoka a hadi b lazima kiwe ndani ya fanksheni. Kati ya −1 na 1 kuna maji: sifuri, ambapo −1/x haipo. Upande wa Kivukoni fanksheni inapanda, upande wa Kigamboni inapanda, na kulinganisha pande mbili teoremu haina mamlaka.

Ugonjwa huohuo unaishambulia ile "+ C" unayoiandika tangu kidato cha tano bila kujiuliza imetoka wapi. Imetoka hapa. Fanksheni mbili zikiwa na derivativu moja, toa moja kwenye nyingine; tofauti ina derivativu sifuri; kwa teoremu, f(b) − f(a) = 0 × (b − a) kwa a na b zozote; basi tofauti haibadiliki, ni namba isiyobadilika, ni C. Mwanafunzi akiniuliza teoremu hii ina faida gani maishani, namwambia bila hiyo kila intigrali aliyowahi kupewa maksi ingekuwa na majibu ambayo hakuna mtu angeweza kuyahesabu. Lakini C ni moja kwa kipande kimoja. Kwa 1/x, ng'ambo na huku kila upande una haki ya C yake, na wasahihishaji wachache wenye roho ngumu huikumbuka.

"Nimegawa teoremu kwa teoremu"

Kwa haraka. Unataka kulinganisha fanksheni mbili, f na g, kwenye [0, 1]. Unaandika teoremu kwa f, unaandika kwa g, unagawanya, unapata f′(c)/g′(c). Kosa ni kwamba umezipa c mbili jina moja. Jaribu x² na x³: c ya kwanza ni 0.5, ya pili ni karibu 0.577. Watu wawili tofauti. Umbo la Cauchy linasema kweli kwamba ipo c moja inayofaa kwa uwiano, lakini hapa ni 2/3, wala si mojawapo ya zile mbili. Uthibitisho wake unataka h mpya, ya kamba nyingine, kugawanya hakukufikishi.

"Nimeijaribu kwa mwendo wa kwenye ramani, ikagoma"

Gari likizunguka kipilefti cha Sanamu ya Askari pale Samora kwa kasi isiyobadilika, likirudi lilipoanzia limehama kwa sifuri. Wastani wa uhamo ni sifuri. Je, kulikuwa na wakati gari lilisimama? Hapana, halikusimama hata nukta. Ukitenganisha, mwendo wa mashariki na magharibi ulipata sifuri yake wakati mmoja, na wa kaskazini na kusini ukapata yake wakati mwingine, lakini hazikukutana. Teoremu ni ya fanksheni inayotoa namba moja, kama spidomita au jiwe la kilomita. Ukiipa mahali pa ramani, namba mbili kwa pamoja, kila moja inataka c yake.

Kinachosalimika ni ule ukomo. Gari lisilozidi kilomita 50 kwa saa haliwezi, ndani ya dakika sita, kuwa mbali na lilipoanzia kwa zaidi ya kilomita tano, lizunguke vipilefti vingapi, likate kona zipi.